Mwera, Kahawa na Mganda: Mwaka Ulivyopangwa

Atakaye mwaka wa ngoma, safari na samaki kati ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa huanza na tatizo la kalenda. Mvua zikikatika Mei, viwanja hukauka, kahawa huiva na ngoma ya mganda hurudi uwanjani. Msimu huo husogea hadi Oktoba, na ndio huohuo ambao mwera huvuma kutoka kusini-mashariki. Ukiamka unaweza kushika siku kadhaa bila kupumzika, na hakuna mwenye mtumbwi mwenye akili timamu atakayebishana nao. Ukisema ungoje masika, mito imeshateremsha tope ziwani na wachezaji wote wako shambani. Kila kilicho kizuri kimerundikwa kwenye miezi ileile.

Njia niliyoitumia mwaka uliopita ilikuwa kuacha kuhesabu miezi na kuhesabu saa. Usiku milima hupoa haraka kuliko maji, hewa baridi ikateremka kuelekea ziwani. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto na upepo hugeuka, ukatokea ziwani. Katikati ya zamu hizo mbili, alfajiri na mapema asubuhi, maji hutulia ikiwa mwera haujakaza. Kwa hiyo mambo ya majini yote yaliwekwa kabla ya saa nne asubuhi, na ngoma, ambayo Jumapili haitangulii misa, ikabaki na alasiri. Kilichowezesha mgawanyo huo ni lami. Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, na tangu barabara ilipokamilika mwaka 2021 mtu anaweza kuogelea asubuhi kwenye ziwa lililo mita 474 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana akawa kwenye vilima vya Umatengo vinavyovuka mita 1,500. Enzi za vumbi na utelezi ratiba ya namna hii ingekuwa mzaha.

Mwezi nao una sauti yake. Samaki wadogo waitwao usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, maana palipo na mbalamwezi taa haina mvuto. Kukodi boti wiki za giza ni kumwomba mtu ambaye hajalala usiku kucha akupeleke matembezini. Wiki za mbalamwezi wavuvi wamepumzika, bei inazungumzika, na hadithi ni nyingi zaidi. Kwa safari ndefu ya kutoka upande wa Kyela ipo MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021 ikiwa na uwezo wa abiria 200 na mizigo tani 200. Ratiba yake hupangwa na wenye meli, wewe unapanga siku zako kuizunguka.

Sehemu kubwa ya mwaka, hata hivyo, ilimezwa na mganda, nao ulistahili. Ngoma hii ya wanaume ilikua pande zote za ziwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikichota kutoka bendi za kijeshi za wakoloni na kutoka beni iliyozaliwa pwani ya Kenya. Malawi wanayo kwa jina la malipenga. Mistari imenyooka, nguo ni nyeupe, soksi zimepandishwa, hatua ni za gwaride lililolegezwa magoti. Wako wanaoiona ngoma ya kuwaiga Wazungu. Mimi nawaomba waache macho kidogo wasikilize.

Bendi ya shaba inataka chuma, vali na fundi wa kuvirekebisha. Mganda umeyafuta hayo yote. Chombo ni kibuyu kilichotobolewa, na tundu mojawapo limezibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mchezaji hapulizi, anaimba ndani yake. Noti hutoka kooni, kibuyu hakina uamuzi juu yake. Kazi ya utando ni kutetemeka na kuiongezea sauti mikwaruzo ya masafa ya juu ambayo sikio huishika hata ngoma kubwa ikiwa inanguruma pembeni. Ukubwa wa kibuyu ndio hugawa majukumu: chenye uwazi mdogo hukoleza sauti nyembamba, kikubwa huzipa uzito zile nzito. Panga vya ukubwa tofauti kwenye mstari mmoja, umepata safu nzima ya bendi, tarumbeta hadi besi, kutoka bustanini. Udhaifu uko kwenye utando. Ukilowa hulegea, na mlio hufa, ndiyo maana mtu anayeimba ndani ya kibuyu alasiri nzima hukikagua mara kwa mara.

Kuurekodi muziki huo kwa simu janja ni kazi yenye mitego. Simu hurekebisha kiwango cha sauti yenyewe: ngoma kubwa ikilia hushusha kila kitu, kisha hupandisha taratibu, kwa hiyo vibuyu vinasikika vikizama na kuibuka kila pigo. Dawa ya kwanza ni programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo, kisha unaweka kiwango chini kwa kupima pigo kubwa kuliko yote. Dawa ya pili, iliyo bora, ni miguu yako. Kila unapoongeza maradufu umbali wako na ngoma kubwa uwanjani, sauti yake hupungua kwa desibeli 6 hivi. Nilisimama karibu na mstari wa vibuyu, ngoma ikiwa mbali nyuma yangu, na hatua hizo chache zilifanya kazi kuliko kitufe chochote.

Upepo ulinipa mtihani zaidi. Kelele zake hukaa kwenye masafa ya chini, na programu nyingi zina kichujio cha kuyakata. Lakini masafa hayohayo ndiyo makazi ya ngoma kubwa, kwa hiyo ukikata upepo umekata na moyo wa mganda. Bora sifongo juu ya kipaza sauti na mwili wako kuwa ukuta. Faili niliziacha katika WAV, ambayo kwa stereo ya kawaida hula megabaiti 10 hivi kwa dakika. Alasiri ya saa tatu inakaribia gigabaiti 2. Kioda, ngoma ya wanawake, ilikuwa rahisi mno kurekodi kando ya hayo, maana ni sauti za watu na ngoma, bila utando wa kuubembeleza.

Kupata tarehe za mashindano ya ngoma kulihitaji ujuzi wa aina nyingine. Mtafiti Stephen Hill, katika sura yake kuhusu Umatengo kwenye kitabu Mashindano! cha mwaka 2000, alihusisha kufifia kwa mashindano na uchumi, na mantiki yake ipo wazi kwa yeyote aliyewahi kuandaa shughuli: kikundi mwenyeji lazima kilishe wageni na kuwapa ugimbi. Mfumo wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka. Baadaye soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi na chama kikuu cha ushirika, MBICU, kikayumba. Mfuko wa mwenyeji ukawa mtupu. Hivyo niliacha kuuliza ngoma ni lini, nikauliza wakulima wanalipwa lini. Jibu hilo lilinipeleka uwanjani kwa uhakika kuliko tangazo lolote.

Samaki watabaki na maneno machache. Kwenye mawe ya Mbamba Bay na Liuli, barakoa ya kuzamia inatosha. Mawe yaliyotenganishwa na mchanga huwa na samaki wa rangi tofauti, kwa kuwa wengi wao hawavuki uwazi. Madume hulinda eneo lao na majike hubeba mayai mdomoni. Anayewakimbiza haoni kitu, anayetulia huzungukwa.

Mwisho ikabaki kurudisha rekodi kwa wenyewe. Vikundi vilitaka video ya WhatsApp, ambayo husindika sauti hadi mikwaruzo ya utando ikafutika na vibuyu vikasikika kama watu wanaoguna. Niliwatumia hizo kwa sababu ndizo zinazosambaa kwa ndugu walioko Songea na Dar es Salaam. Lakini kila kikundi kilipata pia memori kadi yenye faili kamili, na viongozi wao niliwaomba waicheze kwenye spika ya kanisa au ya baa, si kwenye simu.