Maktaba Ingojayo na Maktaba Iendayo

Desturi ya waandishi ni kuhakiki vitabu. Leo twataka kuihakiki nyumba ya vitabu, yaani maktaba ya watu wote. Maana kitabu chema kisichomfikia msomaji ni sawa na kitabu kisichoandikwa.

Kwanza yafaa tukumbuke tulikotoka. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931. Ni jengo la fahari, lenye nguzo kubwa na simba wawili wa mawe mbele ya mlango. Walakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo. Mwaka 1962 Baraza la Mji liliichukua, ikawa ya watu wote. Huku nyuma, East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa ikiwapelekea wasomaji wa mbali vitabu kwa masanduku na kwa posta. Kisha zikaja sheria za maktaba, Tanganyika mwaka 1963 na Kenya mwaka 1965. Na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Kwa hayo yote twashukuru.

Lakini kufungua mlango si sawa na kumkaribisha mgeni. Twamjua mama mmoja aliyejifunza kusoma utu uzima, katika darasa la ngumbaru. Kuku wake walipoanza kufa kwa mdondo, alikwenda kwa miguu hadi maktaba ya mji, ambayo hatutaitaja jina, kutafuta kitabu cha ufugaji. Alionyeshwa kimoja, nacho ni cha Kiingereza. Alipouliza cha Kiswahili, aliambiwa hakipo. Alipoomba hicho hicho akipeleke kwa mwanawe amsomee, aliambiwa hakitoki nje. Akarudi mikono mitupu, na kuku wakaisha. Tangu siku hiyo hakwenda tena, na sasa asema hata herufi zaanza kumpotea.

Hatumlaumu mtunza maktaba peke yake. Yeye ana hesabu ya kutoa, na kitabu kikipotea huulizwa yeye. Na sisi wasomaji tuna makosa yetu: twachukua kitabu cha siku kumi na nne tukakaa nacho mwaka mzima; twakunja kurasa, hata wengine huzikata picha. Hata hivyo, maktaba isiyopoteza kitabu hata kimoja kwa sababu haikiazimi, hiyo twaiita ghala. Kazi ya maktaba yapimwa kwa vitabu vilivyotoka na kurudi vimechakaa kwa kusomwa, wala si kwa vile vilivyokaa rafuni vikimeta.

Wako walioielewa kazi hiyo. Mwaka 1996 shirika la maktaba la Kenya lilianza kuwapelekea vitabu kwa ngamia wafugaji wa Garissa, kwa kuwa watu wale huhama na mifugo yao na gari halifiki kila mahali. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hubeba hema. Wakifika, hema husimamishwa, mikeka hutandikwa, na watoto husoma papo hapo au huazima. Hapakujengwa nguzo wala simba wa mawe. Wahenga walisema, mkaa bure si sawa na mtembea bure; sembuse yule atembeaye na mzigo wa elimu!

Basi twaomba nini? Twaomba mambo matatu. La kwanza, vitabu vya lugha tusomayo, juu ya mambo tufanyayo: kilimo, mifugo, afya, sheria za ardhi, na hadithi pia, maana mtu hazoei kusoma kwa maonyo matupu. La pili, saa zimfaazo mkulima. Mlango ufungwao kabla hajaweka jembe chini umefungwa kwake daima. La tatu, sanduku la vitabu likae katika kila kijiji, kwa mwalimu au mzee aaminiwaye, libadilishwe kila baada ya miezi michache. Kazi hiyo haihitaji ngamia, baiskeli yatosha.

Wala si jambo la kuombwa kama sadaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeziweka maktaba katika kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo wananchi waitwapo kusema haja zao juu ya bajeti, pamoja na barabara na maji, na waseme vitabu. Mwenye kunyamaza hahesabiwi.

Tumefundisha watu wengi kusoma. Tukiwanyima cha kusoma, tumewafundisha kusahau.