Lebo ya Leseni na Uhuru wa Mtumiaji: Uhakiki wa Insha ya Richard Stallman

Mwaka 2009 Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU, alitoa insha iitwayo "The JavaScript Trap", yaani mtego wa JavaScript. Hoja yake ni kwamba mtu afunguapo ukurasa wa tovuti hasomi maandishi tu. Huendesha pia programu ndani ya kompyuta yake, mara nyingi bila kujua wala kuulizwa. Lugha ya JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa kazi ndogondogo za kurasa, leo hubeba programu kubwa.

Nguvu ya insha imo katika dawa inayopendekeza: leseni itangazwe kwa namna ambayo mashine itaweza kuisoma. Katika kanuni ya mradi wa GNU, alama @license huanzisha sehemu ya programu na kutaja leseni yake, na @license-end huifunga. Tovuti yaweza pia kuweka jedwali lenye jina la kila faili, leseni yake na mahali ulipo msimbo asilia. LibreJS, nyongeza ya kivinjari, husoma matangazo hayo na kuzuia programu isiyotangazwa kuwa huria, isipokuwa ile ndogo mno. Haja ya alama hizo ni ya kweli. Msimbo wa tovuti hufinywa ili usafiri upesi. Majina hukatwa yakabaki herufi moja, na maelezo, pamoja na jina la leseni, huweza kufutwa. Hivyo hata programu huria humfikia mtumiaji ikiwa bubu.

Hata hivyo, dawa hiyo ina mipaka miwili. Kwanza, mashine husoma tangazo, haipimi ukweli wake. Alama ya @license yaweza kubandikwa juu ya msimbo wowote, na kuisoma peke yake hakuthibitishi kwamba msimbo uliofinywa umetokana na msimbo asilia ulioonyeshwa. Pili, adhabu humwangukia asiye na kosa. Mwenye tovuti asipotangaza leseni, anayenyimwa ukurasa ni mtumiaji. Mwanafunzi anayetafuta matokeo yake ya mtihani katika tovuti ya namna hiyo hulazimika kuchagua kati ya msimamo wake na haja yake.

Stallman mwenyewe alitambua kwamba kuzuia hakutoshi, akataka vivinjari vimwezeshe mtumiaji kuweka msimbo wake mahali pa ule wa ukurasa. Sharti hilo ndilo kiini cha insha, ingawa wengi hukumbuka lebo tu. Ruhusa ya kurekebisha programu ina faida gani, ikiwa tovuti huileta upya ile ya zamani kila ukurasa ufunguliwapo? Lebo humpa mtumiaji ahadi iliyoandikwa, ambayo mtoaji aweza kuulizwa juu yake. Uhuru huanza pale anapoweza kuitumia.