Fundi Anayesubiri Gari Lizime

Gari lisilowaka kabisa halimtishi fundi mzuri. Kasoro ipo pale pale, ataikuta. Kazi ni lile linalowaka kwa stata moja, likanguruma vizuri mbele ya gereji, kisha likazima njiani na abiria ndani, na baada ya robo saa likawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Kuisaka kasoro ya namna hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote za gereji, hata kuliko kufungua injini nzima na kuirudisha.

Chukua Toyota TownAce Noah, zile za kuanzia 1996 hadi 2001, ambazo Watanzania wamezipanda miaka nenda miaka rudi. Nyingi zina injini ya petroli ya 3S-FE, silinda nne, cc 1,998, na imekaa chini ya viti vya mbele. Kuiona, unanyanyua kiti, na joto linakupiga usoni. Joto hilo hilo, likifungiwa humo mwaka baada ya mwaka, ndilo linalozeesha nyaya, paipu za mpira na sensa.

Fundi wa kubahatisha akisikia “inazima” huanza kutaja spea: plagi, koili, pampu. Gari linaondoka, linazima tena, wanarudi kwenye orodha. Lakini dereva wa Noah ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, na spea iliyonunuliwa bure imetoka kwenye chakula cha nyumbani kwake. Ndiyo maana kwangu mimi kupima kabla ya kununua ni sehemu ya uaminifu wa fundi.

Fundi ninayemsifu huanza na maswali, spana zikiwa bado kwenye boksi. Linazima likiwa la baridi au likishapata moto? Kwenye foleni ukiachia mafuta, au mlimani ukiyakanyaga? Lilikata ghafla, au lilikohoa kwanza likakosa nguvu? Dereva ana majibu yote. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Likizima kwenye foleni, huenda ni sailensa, yaani mngurumo wa injini usipokanyaga mafuta. Njia ya hewa kwenye throto imejaa masizi, au paipu ya hewa imepasuka mahali pasipoonekana. Fundi huwasha injini na kupuliza dawa ya kusafishia kidogo kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, amepapata. Likikohoa mlimani, anageukia mafuta: filta, kisha pampu. Hapa madereva wengi hawajaambiwa jambo moja. Pampu hiyo imo ndani ya tangi, na petroli iliyomo ndiyo inayoipoza. Tabia yetu ya kutembea na mafuta ya kuungaunga huku taa ikiwaka huifupishia maisha.

Kukata ghafla kwa gari lililokwisha pata moto ndiko kunakomtenga fundi na fundi. Mara nyingi anayetuhumiwa ni sensa inayosoma mzunguko wa kranki. Ndani yake mna waya mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa mara nyingi kwenye sumaku. Ukikatika mahali pamoja, ncha zinagusana gari likiwa la baridi; likipata moto zinaachana. Kontroli boksi haioni tena injini ikizunguka, inaacha kutoa moto kwenye plagi. Sensa ikipoa, ncha zinagusana tena, na dereva anaapa kwamba gari halina shida.

Kwa hiyo fundi analiendesha mpaka lizime. Kama ni la gia za mkono na bado limo kwenye gia, anaangalia mshale wa mizunguko: ukianguka sifuri wakati matairi bado yanaisukuma injini, moto ndio uliokatika, na mafuta hayana kosa. Anashuka upesi, ananyanyua kiti, anaweka mita kwenye sensa kabla haijapoa. Asubuhi mita ilisoma vizuri. Sasa haisomi kitu.

Kontroli boksi nayo ina msaada wake. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 fundi huunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia kwa kipande cha waya na kuhesabu taa ya injini inavyomweka. Namba 12 au 13 humwambia kwamba taarifa ya mzunguko haifiki. Haimwambii imekatikia wapi. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya uliosagwa na bodi, au soketi iliyoota kutu ya kijani. Hilo linabaki kwa macho na vidole vyake.

Akishabadilisha, hapokei pesa kwanza. Analirudisha barabarani, mlima ule ule, joto lile lile. Na hapo ndipo ninapogombana na wenye magari: mteja analipia sensa bila kinyongo, halafu anasema fundi hakufanya kitu, alizunguka tu na gari kutwa nzima. Saa hizo za kuzunguka ndizo zilizomwokoa asinunue pampu, koili na plagi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Zilipwe, tena kabla ya kuulizia bei ya spea.