Kunja, nyoosha: kano inaposhonwa mgonjwa akiwa macho

Panga likiteleza kwenye mkungu wa ndizi huko Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, na kukata kano za vidole, mkono huo hauna budi kupelekwa hospitali ya mjini Mbarara, na foleni unayoikuta si ya kumsubiri mpasuaji peke yake. Kwa miongo mingi upasuaji wa mkono ulidai mpira wa kubana mkono wa juu ili damu isifunike jeraha, na kwa kuwa mpira huo unauma sana, ukadai pia nusukaputi au ganzi ya mkono mzima. Hapo ndipo anapohitajika mtaalamu wa ganzi. Akiitwa kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, kidole kitasubiri, na ni haki kisubiri. Donald Lalonde, mpasuaji wa mkono wa Kanada, ameeneza njia nyingine: lidokeini na adrenalini zinadungwa palepale panapopasuliwa, damu inapungua yenyewe, mpira hauhitajiki, mgonjwa yuko macho. Naiona inaifaa Mbarara, na uhaba wa wataalamu si sababu yangu kubwa.

Kilichoizuia ni fundisho kwamba adrenalini huua kidole. Mwaka 2001 mpasuaji Keith Denkler alipitia maandiko ya tangu 1880, akakuta visa 48 vya vidole vilivyokufa baada ya ganzi; vingi ni vya kokeini na prokeini, dawa za ganzi za zamani, na hakuna kilichotokana na lidokeini iliyochanganywa na adrenalini kiwandani. Prokeini ya zamani ilikuwa ikikaa ghalani inageuka tindikali. Mwaka 2005 Lalonde na wenzake walitoa hesabu ya wagonjwa 3,110 waliodungwa adrenalini mikononi na vidoleni: hakuna kidole kilichokufa, wala aliyehitaji fentolamini, dawa ya kuizima adrenalini. Hata hivyo, kidole kilichopondwa, chenye damu ya kubahatisha, mimi nisingekidunga.

Faida yenyewe huonekana mezani. Baada ya sindano husubiriwa kama dakika 26, ngozi ikipauka. Kano ikishashonwa, mpasuaji husema: kunja, nyoosha. Kano huteleza ndani ya vipete vinavyoishikilia mfupani. Fundo likikwama au mshono ukiachia, hurudiwa hapohapo. Katika wagonjwa 102 walioripotiwa mwaka 2010, 7 walionekana na mshono ulioachia. Mtu aliyelala hawezi kukuonyesha hilo. Utaligundua wiki kadhaa baadaye, kidole kikiwa hakikunjiki. Mtoto mdogo, nakubali, bado atahitaji nusukaputi. Pingamizi zito zaidi ni la mazoezi: anayerudi Nakivale na gango mkononi hatapata nauli ya kuja kliniki kila wiki. Lakini huyu amekiona kidole chake kikikunjwa, na kwa saa nzima mpasuaji amekuwa akimweleza ni mikunjo gani afanye kila siku na ni mzigo gani asiushike. Muuguzi wa Kakiika, Mbarara, anayezungumza Kinyankole, na mkulima aliyetoka Kivu nchini Kongo wanaelewana kwa Kiswahili, na maelezo hayo yanahitaji Kiswahili hicho kabla ya uzi wa mwisho kufungwa.