Herufi za Mwanzo Zisitupotoshe

Katika kufundisha ngeli hapa Nakawa, walimu wengi huwapa wanafunzi orodha za nomino zenye herufi sawa za mwanzo, wakidai kuwa KI- ni vitu. Tunaona mtindo huu una kasoro.

Tuanze na Kiingereza. Nomino sneeze (chafya), snore (koromo) na snout (pua ya mnyama) zote zahusu pua, na mwanaisimu J. R. Firth alilijadili jambo la aina hii mwaka 1930. Lakini snake (nyoka) na snow (theluji) nazo huanza kwa sn-, wala hazihusu pua. Tena herufi hizo haziamuru lolote katika sentensi.

Katika Kiswahili, ki- huamuru: kiti hiki kimevunjika. Hata neno kitabu, ambalo ki- yake ilikuwa sehemu ya mzizi wa Kiarabu, limetupatia vitabu. Waganda nao husema ekitabo, ebitabo. Hata hivyo, twasema kifaru huyu amelala, kiongozi huyu amefika. Uhai umeishinda herufi.

Hapo ndipo Mganda hunaswa, kwani kwao ekisolo kino, yaani mnyama huyu, hufuata kiambishi. Orodha humthibitishia kosa lake.

Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo twapendekeza kila nomino ifundishwe ndani ya sentensi. Upatanisho ndio hakimu.