Kulitazama Jinamizi Usoni

Hervey de Saint-Denys alikuwa na miaka 13 alipoanza kuziandika ndoto zake. Aliziandika, akazichora, akazitia na rangi. Huyu ni Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1822, akaja kuwa bingwa wa Kichina na profesa wa Collège de France. Mwaka 1867 alitoa kitabu kuhusu ndoto na namna ya kuziongoza, bila kuweka jina lake juu ya jalada. Humo anayataja madaftari yake: 22, yenye habari za usiku 1,946. Freud alikitafuta kitabu hicho asikipate.

Ninachomheshimia zaidi ni subira. Usiku wa 207 wa daftari ndipo alipojua kwa mara ya kwanza, akiwa katikati ya ndoto, kwamba anaota. Usiku zaidi ya 200 mtoto wa kiume anaamka, anakusanya mabaki ya ndoto kabla hayajayeyuka, anachukua kalamu, na hakuna anachokipata zaidi ya kumbukumbu. Watu wengi wanaoisikia leo sifa ya ufundi huu wa kujitambua ndotoni wanataka kupaa angani wiki ya kwanza. Yeye alianza kwa kujifunza kukumbuka, na kadiri alivyokumbuka ndivyo alivyozoea sura ya ndoto zake, mpaka akaweza kuzitambua akiwa bado amelala. Baadaye hali hiyo ilimjia karibu kila usiku.

Na hapo ndipo ndoto ya kutisha ilipomkuta amejiandaa. Ilikuwa ndoto ileile, imemrudia zaidi ya mara moja: mazimwi yanamkimbiza chumba baada ya chumba, milango inamsumbua kufungua, na kila anaoufunga nyuma yake anausikia ukifunguliwa tena. Mayowe yanamkaribia. Anaamka anahema, jasho limemlowesha. Ilipokuja mara ya nne, kabla mbio hazijaanza, akakumbuka kwamba hii ni ndoto. Hakukimbia. Aliegemea ukuta, akaamua kuwatazama vizuri hao ambao siku zote alikuwa akiwatupia jicho tu.

Anakiri kwamba mshtuko wa mwanzo ulikuwa mkali. Kisha akamkazia macho kiongozi wao. Alifanana na yale mashetani yenye manyoya yaliyochongwa kwenye milango ya makanisa makuu ya Ulaya. Zimwi hilo lilisimama hatua chache mbele yake, likifoka na kurukaruka, na hofu ilipopungua mirukoruko ile ikaanza kuonekana kama kichekesho. Akaziangalia kucha za mkono mmoja, akazihesabu: saba. Akaona nyusi, akaona kitu kama jeraha begani. Wakati huo wale wenzake walikuwa wameshatoweka bila yeye kujua. Zimwi lenyewe likapunguza mwendo, likafifia, mwishowe likabaki ngozi tupu inayoning'inia, mfano wa yale mavazi yaliyopauka ambayo wauza nguo za kanivali walikuwa wakiyatundika nje ya maduka.

Hakulipiga. Hakulifukuza wala hakuligeuza ua. Kwangu mimi, kuhesabu zile kucha ndiyo kazi ya fundi hasa, kwa sababu mtu anayehesabu amekwisha acha kukimbia, na kinachomtisha kinalazimika kusimama kionekane. Sisi wa pwani tumezoea kumwambia aliyekurupuka usiku aombe kinga kwa Mungu, ateme mate kidogo kushoto mara tatu, ageukie ubavu mwingine. Hiyo ni dawa ya aliyekwisha amka. Hervey alikuwa akishughulika ndani kwa ndani, usingizi ukiendelea.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi hawakuamini kwamba jambo hilo linawezekana. Katika usingizi wa ndoto karibu misuli yote ya mwili hulegea kabisa, lakini ya macho huendelea kufanya kazi. Mwaka 1975 huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne aliutumia mwanya huo: Alan Worsley, akiwa usingizini na waya kichwani, aliyapeleka macho kushoto na kulia kama walivyokubaliana, na mashine ikachora. Stephen LaBerge wa Stanford alifika hapohapo kwa njia yake, akaacha na zoezi ambalo bado linafundishwa. Ukiamka kutoka katika ndoto, ikumbuke yote, jione umerudi ndani yake ukitambua kuwa unaota, na ulale na nia ya kukumbuka hilo safari ijayo. Mjerumani Paul Tholey aliongeza adabu moja ninayoipenda: anayekutisha ndotoni mkabili, kisha muulize yeye ni nani.

Mwaka 2006 mtafiti Victor Spoormaker na mwenzake wa Uholanzi waliwafundisha ufundi huu watu wenye ndoto za kutisha. Jaribio lilikuwa dogo, washiriki 23. Ndoto hizo zilipungua, na kilichonivutia ni kwamba hata wengine ambao hawakuwahi kujitambua ndotoni walipata nafuu. Huenda basi mazoezi ya mchana, ya kuikalia ndoto na kuitungia mwisho mwingine, yanafanya kazi yake hata kama usiku hukuamka ndani yake.

Hilo linakaribiana na tiba ambayo Barry Krakow alikuwa ameipima Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2001: wanawake 168 waliowahi kudhulumiwa kingono, wenye ndoto zisizowaachia. Mtu anaiandika ndoto, anaibadilisha apendavyo, kisha kila siku, akiwa macho, anaipitia ile mpya akilini kwa dakika chache. Kwa mwenye jeraha zito la maisha ningeshauri njia hii kabla ya ile ya Hervey, tena akiwa na mtaalamu kando yake, maana kukatakata usingizi ili kuwinda ndoto kunamchosha aliyekwisha choka. Wanaoifundisha tiba hiyo ya Krakow humtaka mgonjwa asianze na ndoto iliyo mbaya kuliko zote. Achukue ndogo kwanza, aizoee, ndipo apande.