Mizani ya Abdilatif twaihesabu, swali lake je?

MAJUZI nilikuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi wangu kuhusu ‘Siwati’, shairi la Abdilatif Abdalla lililomo katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Vina walivitaja, mizani wakaihesabu, tena bila kukosea. Ila hakuna hata mmoja aliyeeleza ni kitu gani hicho ambacho mshairi anakataa kukiacha, wala kwa nini. Nilipowauliza darasani, msichana mmoja alinijibu bila kusita: “Mwalimu, hilo si huwa haliulizwi?”

Kweli, huwa haliulizwi. Na kosa si la mtoto huyo. Ni letu sisi walimu na wahakiki, ambao tumezoea kuwasifu waandishi wenye fikra huru huku tukiliepuka jambo lenyewe lililowafanya wawe huru.

Tujikumbushe kidogo. Mwaka wa 1968, chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga kilipokuwa kikibanwa kila upande, kijana wa Mombasa aliyekuwa na umri wa miaka 22 aliandika kijikaratasi cha siasa na kukipa jina la swali: Kenya: Twendapi? Swali hilo lilimpeleka gerezani kwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972. Humo ndani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakachapishwa mwaka wa 1973 na Oxford University Press. Mwaka uliofuata, diwani hiyo ikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga mtunzi!

Wengi hukicheka kinaya hicho, kisha basi. Mimi hunitia wasiwasi. Sisemi waamuzi walikosea, kitabu kilistahili. Ila naona kwamba mtu anaweza kunyamazishwa kwa kufuli, na pia anaweza kusifiwa mpaka alichokisema kisisikike. Njia ya kwanza ilishindwa kwa Abdilatif. Hii ya pili, nachelea, tunaiendeleza madarasani kila muhula.

Tatizo jingine ni jinsi tunavyomtambua msanii huru. Katika mijadala yetu ya ushairi, uhuru umekuwa na sare yake: atakayevunja vina na kuitupa mizani, huyo ndiye mwanamapinduzi. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyechapisha Kichomi mwaka wa 1974, huwekwa upande huo. Abdilatif, kwa kuwa mengi ya mashairi yake yanafuata arudhi, huwekwa kwenye kapu la wanamapokeo, kana kwamba ni mzee mtiifu anayelinda mali ya mababu.

Mgawanyo huo haufai. Hebu tulitazame ‘Mnazi: Vuta N’kuvute’. Ndugu wawili wanagombania mnazi, na shairi zima ni majibizano yao. Kujibizana kwa mashairi ni jambo la kale Mombasa, tangu enzi za Muyaka. Abdilatif anaichukua desturi hiyo na kuitwika mzozo wa nchi changa: nani ale tunda la kile tulichokipata sote? Linalonivutia zaidi ni kwamba mtu aliyefungwa kwa sababu ya kusema anampa kila ndugu nafasi ya kusema. Msomaji anaachiwa kazi ya kupima hoja. Huo ndio uhuru wa mawazo, na umo ndani ya vina na mizani.

Lugha nayo ni ushahidi. Tangu miaka ya 1930, Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja. Abdilatif aliandika kwa Kimvita cha kwao. Hakusema ‘siachi’, alisema ‘siwati’. Wanafunzi wangu hulichukulia neno hilo kama mtego wa msamiati unaohitaji tanbihi tu. Kumbe ndani yake mna msimamo: anayekataa kuacha anachokiamini anakataa pia kuiacha lahaja anayoaminia.

Kezilahabi naye hakuwa huru kwa sababu tu aliacha vina. Riwaya yake Rosa Mistika ya 1971 ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na katika Gamba la Nyoka aliihoji siasa ya Ujamaa wakati ambapo kuisifu kulikuwa rahisi zaidi. Kwa hiyo, mmoja alibaki na umbo la zamani na mwingine akaliacha, lakini wote wawili waliuliza maswali ambayo wakubwa wao hawakutaka kuyasikia. Hicho ndicho kipimo. Umbo halitoshi, na chama pia hakitoshi, maana wapo wapinzani wanaokariri maneno ya kiongozi wao kama kasuku.

Najua wenzangu watanikabili. “Mwalimu, mtahini atasahihishaje fikra huru? Mizani huhesabika, msimamo je?” Ni hoja nzito. Mtahiniwa anahitaji haki, na mwongozo wa kusahihisha humlinda dhidi ya mtahini mwenye upendeleo. Wala sidharau arudhi. Asiyeijua hatauona ufundi wa Abdilatif. Lakini hoja nayo husahihishika. Tunaweza kumuuliza mtoto: mshairi anakataa nini, anatoa sababu gani, nawe unakubaliana naye? Alama zitolewe kwa jinsi anavyotetea jibu lake kutoka kwenye shairi, hata kama anampinga mshairi. Hasa akimpinga.

Nilimrudishia yule msichana karatasi yake bila alama ya mwisho, nikamwomba aongeze aya moja. Aliandika kwamba yeye angeacha, kwa sababu ana mama na wadogo zake wa kuwafikiria, na kwamba mshairi hakuwataja watu wa nyumbani kwake katika shairi hilo. Sikukubaliana naye. Nilimpa alama zote.